Tasnifu au mradi wa kuhitimu? Fanya hesabu kabla ya kujaza fomu

Katika uzamili wa afya ya jamii, wapo wanaochagua tasnifu kwa sababu jina lake lina uzito, na wapo wanaokimbilia mradi kwa kusikia kwamba unaisha upesi. Mimi huanza na swali jingine: data unayoihitaji iko wapi leo, na nani ana mamlaka ya kukuruhusu uiguse?

Tasnifu inadai swali lisilo na jibu bado, na mbinu ambayo mtahini wa nje, asiyekujua wala kukuonea huruma, ataipekua. Mradi unadai tatizo la taasisi fulani pamoja na kitu cha kuikabidhi: tathmini, mwongozo wa kazi, dashibodi. "Kwa nini wajawazito wa wilaya hii huchelewa kuanza kliniki?" hiyo ni tasnifu. "Je, rejesta za kliniki katika vituo sita zinalingana na takwimu zilizoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya?" huo ni mradi, na mganga mkuu wa wilaya huenda akaufurahia kuliko tasnifu inayolala maktabani.

Sasa hesabu. Karibu kila pendekezo la utafiti lina namba 384 kwenye ukurasa wa sampuli, na wengi hawawezi kueleza ilikotoka. Inatokana na kuchukua 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, kuzidisha kwa 0.5 mara 0.5, kisha kugawanya kwa 0.05 (kosa unalolivumilia, asilimia 5) kipeo cha pili. Ile 0.5 hutumika pale usipojua kiwango cha tatizo, maana ndiyo inayotoa sampuli kubwa kuliko zote. Kama utafiti wa awali unaoaminika umeonyesha asilimia 20, sampuli inashuka hadi 246. Ukichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji, watu wa kijiji kimoja hufanana majibu, hivyo sampuli lazima iongezwe. Kwa mfano, ukizidisha 384 kwa 1.5 kufidia kufanana huko, unapata 576. Ukifidia asilimia 10 ya watakaokataa, yaani 576 gawanya kwa 0.9, unafika 640. Wasaili wawili wakijaza madodoso manane kila mmoja kwa siku, hizo ni siku 40 za kazi, bila kuhesabu kaya ulizokuta mlango umefungwa. Zidisha siku hizo kwa posho na nauli. Kama jibu linazidi fedha ulizonazo, usipunguze sampuli kimyakimya. Badilisha swali, au chukua mradi.

Halafu vibali. Tanzania Bara utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya chuo au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha mkoa na halmashauri. Zanzibar ina kamati yake. Kenya unaanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, unafuata kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ndipo uende kaunti. Usitarajie kuyafanya haya yote kwa mpigo, maana kila ofisi inataka barua ya ofisi iliyotangulia. Na hapa ndipo wenye miradi huumia: wanadhani kibali cha maadili ni cha tasnifu tu. Ukihoji wagonjwa au kufungua majalada yao, peleka maombi mapema. Kamati haziidhinishi data uliyokwisha kuikusanya bila kibali, na jarida likidai namba ya kibali huna pa kuitoa.

Mradi una ugonjwa wake pia: hutanuka. Ulikubaliana vituo sita, mwezi wa pili unaombwa tisa, kisha mafunzo kwa wahudumu. Au afisa aliyekupokea anahamishwa, na anayeingia hajui wewe ni nani. Kinga yake ni barua ya makubaliano yenye sahihi ya mkuu wa taasisi, itaje utakachokabidhi, mwenye data, wadhifa (si jina) wa atakayekusimamia pale, tarehe ambayo baada yake hakuna nyongeza, na kama unaruhusiwa kuchapisha. Hicho cha mwisho husahaulika, kisha taasisi ikiona matokeo mabaya inafunga mlango.

Kuhusu msimamizi: muulize ana wanafunzi wangapi sasa na kama atakuwa likizo ya kitaaluma mwaka huo. Inatosha.

Ukifikiria uzamivu, tasnifu inakupa faida ya wazi, kwani wanaopokea maombi hutaka ushahidi kwamba umewahi kubeba utafiti wako mwenyewe. Mradi haukufungii njia kila mahali, ila soma masharti ya chuo unachokilenga kabla ya kuchagua. Kuhama baadaye ni kazi: ukitoka mradi kwenda tasnifu baada ya kibali kutoka, itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioidhinishwa, inabadilika, hivyo inarudi kwenye kamati, na foleni unaianza upya.