Kurejesha shabu kutoka kwenye tope la maji: maana yake

Masika yakikolea Iringa, Ruaha Mdogo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Chota ndoo, zungusha kipande cha shabu humo mara kadhaa, uiache itulie. Baada ya muda utaona vijibonge laini vikishuka polepole, na juu maji yameng'aa. Shabu yenyewe imekwenda wapi? Imo humo humo, kwenye tope la chini.

Mtambo wa kusafisha maji hufanya kazi hiyo hiyo kwa kutumia salfeti ya alumini. (Shabu ya dukani kwa kawaida huwa na potasiamu pia, lakini mchapakazi ni alumini ile ile.) Chembe za udongo zina chaji hasi, ndiyo maana husukumana na hazitulii. Alumini ina chaji chanya: huzituliza, kisha hugeuka haidroksaidi, uteute unaozinasa na kuzama nazo. Tope hilo huondolewa, hukaushwa, na mara nyingi hutupwa.

Kurejesha shabu ni kuirudisha alumini ilikotoka. Tope likitiwa tindikali ya salfa mpaka pH ishuke kati ya 2 na 3, ule uteute huyeyuka na kuwa salfeti ya alumini tena, ya majimaji. Udongo hauyeyuki, hutuama, ukachujwa. Na tope la kwenda kutupa nalo limepungua.

Ingekuwa rahisi hivyo kama tindikali ingekuwa na macho. Inayeyusha pia chuma, manganizi, na masalia ya majani yaliyoozea mtoni. Masalia hayo yakikutana na klorini huzaa trihalomethani, ambazo hazitakiwi kwenye maji ya kunywa. Upo utando maalumu wa kupitisha alumini na kuzuia masalia hayo ya majani, ila ni gharama, na tindikali nayo haigawiwi bure.

Mimi shabu hiyo ningeipeleka kwenye majitaka. Huko kazi yake ni kukamata fosforasi isiende kulisha mwani mtoni, na hakuna anayeyanywa. Kwa sababu hiyo hiyo nisingemshauri mtu amwage tope hili shambani akidhani ni mbolea. Udongo wa volkano wa Rungwe, kwa mfano, tayari unaing'ang'ania fosforasi, hata DAP, mbolea ya fosforasi aliyoinunua mkulima, inafika kwenye mzizi wa mhindi kwa shida.