Kuipima misemo ya Frederick Douglass

Msemo wowote unaobandikwa jina la Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani akawa mwandishi na mhutubu wa kupinga utumwa, uulizwe mambo matatu kwanza: aliutamka wapi, mwaka gani, na kabla yake alikuwa amesema nini. Swali la tatu ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo lenye uzito.

Chukua huu: "Mamlaka haiachii kitu pasipo kudaiwa, haijawahi, wala haitawahi." Aliutamka tarehe 3 Agosti 1857 huko Canandaigua, jimbo la New York, watu walipokuwa wakiadhimisha kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi, kulikoanza tarehe 1 Agosti 1834. Wapo waliowapa Waingereza wema sifa yote ya uhuru ule. Douglass alikataa: watumwa walioasi nao walikuwa na fungu lao katika sifa hiyo. Sentensi chache kabla ya msemo wenyewe anawageukia wanaojidai kupenda uhuru huku wakichukia machafuko, akisema wanataka mavuno bila kulima, na mvua bila radi. Tena anataja waziwazi kwamba mapambano yanaweza kuwa ya kimaadili, ya nguvu, au yote mawili. Ukiukata msemo peke yake, ukali huo wote unapotea. Na ni mwaka uleule, mwezi Machi, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia.

Hotuba yake ya mjini Rochester, New York, husemwa ilitolewa Julai 4, 1852, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ilitolewa tarehe 5. "Sikukuu hii ni yenu, si yangu," aliwaambia wasikilizaji wake. Lakini alikuwa ameanza kwa kuwasifu waasisi wa taifa, na alimaliza akisema hajaikatia tamaa nchi hiyo. Anayenukuu katikati tu anamfanya mtu mwingine.

Ule wa kujenga watoto imara kuliko kukarabati watu wazima waliovunjika haumo katika vitabu wala hotuba zake zinazojulikana, usimpe. Usimpe pia ule wa kwamba ukijua kusoma utakuwa huru milele. Kilicho chake kimo katika kitabu cha maisha yake cha 1845: bwana wake Hugh Auld anamkataza mkewe Sophia kumfundisha Douglass kusoma, na Douglass, akiwa bado mtoto, anatambua papo hapo njia ya kutoka utumwani. Aliandika maisha yake upya mwaka 1855 na tena 1881, kwa hiyo unaponukuu, taja ni kitabu kipi.