Espial: jasusi wa zamani mwenye undugu na askofu

Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, mfalme Claudius na mshauri wake Polonius wanamtegea Hamlet mtego. Ophelia, binti wa Polonius, atapita pale kana kwamba wamekutana kwa bahati tu, na wazee wawili watajibanza wachungulie. Kabla ya kujificha, mfalme anajisafisha kwa maneno mawili: lawful espials. Yaani, ndiyo, sisi ni majasusi, lakini wa halali. (Cha kuchekesha, maneno hayo yamo katika toleo la 1623, ila katika toleo la kabla yake, la 1604-05, hayamo.)

Neno lenyewe ni espial, hutamkwa kama "ispayali". Siku hizi Mwingereza wa kawaida halitumii, na ukimwambia ghafla huenda akakutumbulia macho. Zamani lilibeba mambo mawili kwa pamoja: kitendo cha kupeleleza, na pia mtu anayepeleleza. Mswahili hilo halimpi shida. Tunasema "usalama" tukimaanisha hali ya amani, kisha kijiweni mtu ananong'ona, "Angalia maneno yako, yule jamaa ni usalama."

Lilitoka Ufaransa, katika mafuriko ya maneno ya Kifaransa yaliyoingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kitenzi cha Kifaransa cha kale kilikuwa espier, kupeleleza. Kufikia karne ya 14, mshairi wa Kiingereza Chaucer analitumia neno hili kwa tarishi wa mahakama ya kanisa, mtu mjanja kupindukia, mwenye mtandao wake wa siri wa kumnong'oneza nani ametenda dhambi gani, ili naye akamkamue fedha. Hapo espial si mtu mmoja tena, ni genge zima.

Lakini Wafaransa nao walikuwa wamelikopa. Asili yake ni lugha za Kijerumani za kale, na nyuma zaidi kuna mzizi wenye maana ya kutazama tu. Mzizi huohuo ulipofika kwa Wagiriki ulizaa neno la kutazama, na kutoka hapo wakaunda episkopos, mwangalizi, msimamizi. Waarabu wakalifanya usquf, sisi tukapata askofu. Kwa hiyo baba askofu na jasusi ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa Kiingereza lakini: "jasusi" letu lina ukoo wake katika Kiarabu, kwenye kitenzi cha kupapasa kwa mkono, kama tabibu anavyoshika mshipa wa mgonjwa.

Kilichoiua espial ni ushindani ndani ya nyumba. Umbo fupi, spy, lililodondosha ile "e" ya mwanzo, lilikuwapo tangu karne ya 13 na lilikuwa jepesi mdomoni, likamchukua mtu. Mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza wakarudi tena Ufaransa kukopa espionage, likachukua kazi yenyewe. Espial ikabaki haina shughuli.

Na Polonius? Hakujifunza. Baadaye alijificha tena, safari hii nyuma ya pazia katika chumba cha malkia, akapiga kelele, na Hamlet akamchoma upanga kupitia kitambaa bila kujua ni nani.