Hakuna Mto Chini ya Kiwanja Chako: Dhana Potofu Kuhusu Maji ya Ardhini na ya Mtoni

Ni nadra wiki kupita bila mtu anayetaka kuchimba kisima kuniuliza swali lile lile: “Mtaalamu, mshipa wa maji unapita wapi hapa?” Wengine hunyoosha mkono kabisa na kunichorea hewani njia ya mshipa huo, kuanzia kwenye mti mkubwa hadi kona ya uzio, kana kwamba wamewahi kuuona. Swali hili nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi, na sasa upole unaanza kuniishia.

Dhana yenyewe ni kwamba maji hupita chini ya ardhi kama mto mwembamba, na kwamba ukichimba hatua tatu pembeni mwa mto huo umekosa kila kitu. Ukweli ni kwamba mahali pengi maji ya ardhini hayana mfereji wowote. Yamejaa katika nafasi ndogo zilizomo kati ya chembe za mchanga na changarawe, au katika nyufa za mwamba mgumu. Mtazame mtoto anayechimba shimo kwenye mchanga wa ufukweni: akifikia kina fulani, maji huanza kuchuruzika kutoka pande zote za shimo, na akisogea hatua mbili akachimba tena, huyakuta karibu kwa kina kile kile. Hakubahatisha mishipa miwili. Amefikia usawa ambao chini yake kila nafasi imejaa maji, na usawa huo ndio tunaoutafuta tunaposhusha utepe wa kupimia kisimani.

Maji hayo husafiri, lakini kwa mwendo ambao hauna hata chembe ya sifa za mto. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha matokeo ya majaribio yake ya mjini Dijon, ambako alipitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga, akaonyesha kuwa kiasi kinachopita hutegemea mteremko wa usawa wa maji, ukubwa wa eneo yanamopita, na wepesi wa mchanga wenyewe kuyapitisha. Chukua mchanga unaopitisha maji vizuri, wenye kipimo cha upitishaji cha mita 10 kwa siku, ambao robo ya ujazo wake ni nafasi tupu, na usawa wa maji unaoshuka mita 1 katika kila mita 200. Ukizidisha 10 kwa mteremko huo wa 1/200, kisha ukagawa kwa robo, utapata mwendo wa sentimita 20 kwa siku, yaani mita 73 kwa mwaka mzima, umbali ambao mto wa kawaida wenye kasi ya mita 1 kwa sekunde huumaliza kwa dakika moja na ushee.

Udongo wa mfinyanzi unafundisha zaidi. Mara nyingi una nafasi nyingi kuliko mchanga, na unaweza kuwa umelowa chapachapa, lakini nafasi hizo ni finyu kiasi kwamba huyashikilia maji yasitoke. Kisima kilichochimbwa humo kinaweza kuzungukwa na maji kila upande na bado kishindwe kujaza ndoo moja kwa saa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtaalamu ni kwa kasi gani tabaka lililopo litayaachia maji yaingie kisimani.

Nikiri kwamba mwenye kuamini mishipa ana nusu ya haki katika mazingira mawili. Kwenye mawe ya chokaa, maji huyeyusha mwamba kwa muda mrefu hadi yakatengeneza mapango, na humo mito halisi ya chini ya ardhi ipo. Kwenye mwamba mgumu usio na vinyweleo, maji hukaa katika nyufa na katika sehemu ya juu iliyochakaa, kwa hiyo kusogeza mahali pa kuchimba kwa makumi ya mita kunaweza kweli kubadili matokeo. Hata hivyo nyufa hizo ni mtandao uliotapakaa, na hutafutwa kwa kuisoma miamba na kupima ukinzani wa umeme wa ardhi. Mtu anayetafuta maji kwa kutembea na kijiti chenye panda hajawahi kuonyesha, katika majaribio yaliyosimamiwa vizuri, kwamba anaishinda bahati tu. Anasifiwa kwa sababu mahali ambapo maji yametanda kila upande, popote anapoelekeza patatoa maji. Ningefurahi zaidi kumwona akinionyesha mahali pakavu.

Ukishachimba, usiridhike na maji yanayoruka juu mchimbaji anapopuliza hewa kwa nusu saa huku watu wakipiga makofi. Dai jaribio la kusukuma maji kwa pampu kwa kiwango kimoja, saa 24 mfululizo, usawa ukiandikwa kila baada ya muda uliopangwa, kisha pampu izimwe na upimwe jinsi usawa unavyorejea. Mteja wangu mmoja alikataa gharama hiyo, akafunga pampu kubwa kwa kutegemea makofi ya siku ya kwanza. Ilikauka ikiwa inazunguka, ikaungua. Wateja wamechoka kunisikia nikilirudia hili, nami sitaacha.

Ndugu wa dhana ya mishipa ni imani kwamba kisima kikiwa kirefu zaidi ndipo maji huwa mengi zaidi. Katika mwamba mgumu nyufa kwa kawaida hupungua na kubana kadiri unavyoshuka, na penginepo maji ya chini sana huwa na chumvi. Mita za ziada huongeza gharama kwa hakika. Maji huongeza kwa bahati.

Wengine huona mvua moja kubwa wakadhani visima vimejaa. Milimita 50 za mvua kwenye hekta moja ni mita za ujazo 500, lakini zikishuka kwa saa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa, sehemu kubwa itatiririka juu ya ardhi hadi mtoni. Zinazopenya hulazimika kwanza kuushibisha udongo mkavu, na kinachosalia kinaweza kuchukua wiki au miezi kufika kwenye usawa wa maji.

Kuhusu mafuriko yanayoitwa ya miaka 100, hayana kalenda: maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama yalitokea mwaka jana, na kwa nyumba itakayosimama miaka 30 uwezekano huo unafikia takriban asilimia 26.

Kwenye mto, kosa la kila siku ni kusoma bango la kina, yaani ubao wenye alama za vipimo uliosimikwa mtoni, na kutangaza kiasi cha maji. Kina ni kina tu. Ili kupata mtiririko tunagawa upana wa mto katika vipande, tunapima kina na kasi ya kila kipande, kasi ikichukuliwa kwenye sehemu ya 0.6 ya kina kutoka juu, au kama wastani wa 0.2 na 0.8 palipo na kina kirefu, kisha tunazidisha kwa eneo na kujumlisha. Vipimo vingi vya namna hiyo ndivyo vinavyotupa mchoro wa kuunganisha kina na mtiririko, na mafuriko yakichimbua kitanda cha mto, mchoro huo lazima urekebishwe.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoivunja dhana ya mwisho, kwamba mto na kisima havijuani. Mvua zikikatika kwa miezi na mto ukaendelea kutiririka, maji yake mara nyingi yanatoka ardhini, kutoka usawa ule ule ambao kisima hunywea, na anayesukuma mengi ukingoni anaupunguzia mto taratibu. Mteja akinihakikishia kwamba kisima chake hakiugusi mto kwa kuwa kiko mita 50 kutoka ukingoni, humwomba daftari moja, utepe mmoja, na asubuhi moja kila wiki ya kupima vyote viwili.