Ugoro wa mentholi: pua ya mchanganya manukato inasemaje

Mi nachanganya manukato Kariakoo, mafuta ya kupaka, udi, mafusho ya maharusi, kwaiyo pua ndo inayonilisha. Sasa mteja mmoja katoka zake Ujerumani kaniwekea kaunta kikopo cha Gletscherprise, ugoro wa kampuni ya Pöschl kule Geisenhausen, Bavaria, eti "we si mtu wa harufu, jaribu hii". Nilikiangalia kile kikopo vile fundi saa anavyoangalia nyundo. Ila nikajaribu, na kwa vile watu wengi wanauliza hivi vitu vina nini ndani, acha nieleze.

Sie tukisema ugoro akili inaenda kwa babu, tumbaku imesagwa na magadi, mwingine anaweka mdomo wa chini mwingine ananusa, basi. Huu wa Ulaya nao ni tumbaku vilevile na nikotini ipo palepale, ila umewekwa mafuta ya kunukia mpaka tumbaku yenyewe unaitafuta. Nilipofungua tu, mentholi ikatoka kabla sijasogeza pua, nyuma yake mafuta ya mkaratusi, na kitu fulani cha upande wa karafuu maiti ambacho kwa mtu aliyekulia Pwani kinakupeleka moja kwa moja msibani, sijui Mjerumani yeye kinampeleka wapi.

Kuvuta kwake watu wanakosea sana. Unabana kiasi kidogo kwa gumba na kidole cha shahada, unanusa taratibu, unga unatakiwa ubaki pale mbele ya pua. Ukivuta kwa nguvu unaenda nyuma unashuka kooni, na hapo ni kukohoa na kutema kitu kichungu kwa muda mrefu. Uliosagwa laini na mkavu ndo unaruka zaidi, wenye unyevunyevu na chenga kubwa unatulia. Na fanyia ndani bwana, maana Dar hii ukionekana unaingiza unga puani hakuna atakayesubiri maelezo yako.

Haya, nikavuta. Chafya, machozi, afu baridi kali mpaka nyuma ya macho, na hapa ndo penye jambo nililotaka kusema, kwamba sehemu kubwa ya kile watu wanaita "harufu kali" pale wala sio harufu. Puani kuna njia mbili za taarifa. Moja ni ya harufu yenyewe, ipo juu kabisa kwenye dari ya pua, kieneo kidogo tu, hiyo ndo inakwambia hili waridi hili asumini. Ya pili ni mshipa wa fahamu mwingine kabisa, ule ule wa uso mzima, unaohisi baridi, joto, mwasho, ndo unaokutoa machozi ukikata kitunguu. Mentholi inanuka kweli, mnanaa, ila kazi yake kubwa inaifanyia kwenye hii njia ya pili, inagusa kipokezi kinaitwa TRPM8, ambacho kimewekwa kwa ajili ya baridi, kwaiyo ubongo unaletewa taarifa ya baridi wakati pua ina joto lake lilelile la Januari ya Dar. Na ile "dah, pua imefunguka"? Haijafunguka. Wataalamu wamepima hewa inavyopita kabla na baada ya kunusa mentholi, njia haipanuki, kinachoongezeka ni hisia tu. Vile vijiti vya kunusa ukiwa na mafua navyo sehemu yake ya mentholi ni mchezo huohuo.

Mentholi inaruka haraka, na ikishapungua ndo tumbaku inajitokeza, na hapo kusema kweli nilipapenda, majani makavu, zabibu, ngozi kwa mbali. Jani zuri la tumbaku ni malighafi ya heshima kwenye kazi yetu, watengeneza pafyumu wanatumia dondoo lake toka zamani. Ndo maana naona kama uonevu kulizika chini ya mentholi yote ile.

Ila wanalizika kwa sababu. Nikotini ikiwa kwenye mazingira ya asidi inakuwa na chaji, haipiti vizuri kwenye utando wa pua. Ukiongeza kitu kama magadi, pH (kile kipimo cha uasidi, ikipanda asidi inapungua) ikapanda mpaka 8 na kuendelea, sehemu kubwa ya nikotini inakuwa huru, haina chaji, na inapenya haraka, mapigo ya moyo unayasikia, mgeni anaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu. Kwaiyo babu zetu na yale magadi ya kupikia makande walikuwa wanafanya kemia kamili bila kuiita hivyo. Shida, magadi yakikutana na tumbaku yanatoa amonia, inachoma pua vibaya, na manukato yanasaidia kuificha. Mentholi inasaidia zaidi maana inapoza mwasho wenyewe, unavuta kingi bila kushtuka. Umoja wa Ulaya walipiga marufuku sigara za mentholi mwaka 2020 kwa hoja za namna hiyo, lakini ugoro wa mentholi bado unauzwa kulekule.

Wahindi wao wana njia nyingine. Wanapenda waridi na kewra kwenye tumbaku zao na pani, yaani tambuu, na hiyo kewra ni mafuta ya maua ya mkadi, huu mkadi wetu wa kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake wa Pwani. Mwenzenu nina udhaifu na mkadi, kwaiyo ugoro wa hivyo kwangu ndo wa hatari zaidi, maana wa mentholi unakupiga unajua umepigwa, huu unakubembeleza.

Na wasije wakakwambia kwa vile hauna moshi basi salama. Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka tumbaku isiyo na moshi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ripoti yao ilitoka 2007, na daktari mmoja Muingereza, John Hill, alishaandika tangu 1761 kuhusu uvimbe puani kwa wavuta ugoro. Uraibu nao upo, nikotini ni nikotini. Kwa upande wa kazi, siku ile nilifunga chupa zote, harufu nyepesi kama ndimu na asumini sikuzikamata kabisa, zote zilikuwa zinakuja na kijibaridi cha mentholi mgongoni.

Mwisho nijibu wale wanaonifata dukani kutaka niwadondoshee udi au mafuta ya waridi kwenye ugoro wao. Sifanyi. Mafuta mengi tunayouza yamepunguzwa na viyeyusho vya kutumia kwenye ngozi na nguo, na mengi yana harufu za maabara, sasa utando wa pua sio ngozi, unanyonya. Mkitaka inukie, chukueni maua ya asumini mabichi, wekeni kwenye kikopo juu ya ugoro usiku mmoja bila kugusana, asubuhi toeni maua. Harufu inabaki, ila msije mkasema nimewaambia mvute.