Kwa nini sichagui nenosiri langu mwenyewe

Kila ninapoitwa kukagua usalama wa mfumo wa kompyuta, jambo la kwanza ninaloonyeshwa kwa fahari ni masharti ya nenosiri: lisipungue herufi nane, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na libadilishwe kila baada ya siku tisini. Huwa nasikiliza kwa adabu, kisha naeleza kwamba aliyeyaeneza masharti hayo aliyajutia. Bill Burr, aliyekuwa mtumishi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ndiye aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 ulioigwa na ofisi nyingi duniani, na mwaka 2017, akiwa amekwisha kustaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya ulioachana na ulazima wa kuchanganya alama na wa kubadilisha nenosiri kwa kalenda, na badala yake ukataka kila nenosiri jipya lilinganishwe kwanza na orodha ya yale yaliyokwisha kuvuja.

Ili kuona kosa lilikuwa wapi, ni lazima kuitazama kazi ya mdukuzi kama anavyoifanya yeye. Haketi mbele ya ukurasa wa kuingilia akibahatisha, kwa kuwa mifumo mingi humfungia mlango baada ya majaribio machache. Anachokitafuta ni hifadhidata, yaani mkusanyiko wa taarifa za watumiaji ambao tovuti huutunza. Tovuti iliyojengwa vyema haihifadhi nenosiri lako lenyewe, bali hulipitisha katika kanuni ya hisabati isiyoweza kurudishwa nyuma, kisha huhifadhi matokeo yake tu. Hifadhidata hiyo ikiibwa, mwizi huenda nayo nyumbani kwake, ambako hakuna wa kumfungia, na huko huchukua neno moja baada ya jingine, hulipitisha katika kanuni ileile na kulinganisha matokeo. Iwapo tovuti ilitumia kanuni ya zamani kama MD5, kompyuta yenye kadi moja nzuri ya michoro hujaribu zaidi ya maneno bilioni 100 kwa sekunde. Nenosiri la herufi nane ndogo lina michanganyiko inayokaribia bilioni 209, kwa hiyo yote humalizika kabla hujavuta pumzi mbili. Kanuni zilizobuniwa makusudi ziwe za polepole, kama bcrypt ya mwaka 1999, humchelewesha mno, lakini wewe mwenye akaunti huna njia ya kujua tovuti yako imetumia ipi.

Hata hivyo, mdukuzi mwenye uzoefu haanzi na michanganyiko yote. Huanza na mazoea ya watu. Mwaka 2009 tovuti iitwayo RockYou ilidukuliwa, na kwa kuwa ilikuwa imehifadhi manenosiri kama yalivyoandikwa, bila kuyapitisha popote, takriban milioni 32 yaliibwa yakiwa wazi. Lililoongoza kwa kutumiwa lilikuwa 123456. Orodha iliyotokana na wizi huo ingali ikitumika hadi leo, mimi mwenyewe nikiwemo miongoni mwa wanaoitumia katika majaribio halali, na juu yake huongezwa sheria za kugeuza maneno. Chukua neno "karibu". Sheria ya kwanza hufanya herufi ya mwanzo kuwa kubwa, ya pili hugeuza a kuwa @, ya tatu hupachika mwaka mwishoni, na ya nne huongeza alama ya mshangao. Tumepata K@ribu2024!, nenosiri la herufi 11 linalotimiza kila sharti la ofisini, na programu ya mdukuzi imelifikia mapema sana. Mtumiaji akilazimishwa kulibadilisha, ataandika K@ribu2025!, na sheria hiyo nayo imo.

Wapo wanaoniambia kwamba wao wako salama kwa sababu wanatumia Kiswahili, ambacho wadukuzi wa mbali hawakijui. Programu haihitaji kujua lugha. Orodha hizi zimekusanywa kutoka kwa watu halisi wa kila lugha, na maneno kama "nakupenda", majina ya watoto na majina ya timu hayana ugeni wowote kwake. Methali nayo haifai, ingawa ni ndefu na inakumbukika, kwa kuwa anayeona "harakaharaka" tayari anajua yatakayofuata. Urefu wa aina hiyo ni wa macho tu. Hata sentensi uliyoitunga mwenyewe hubeba upatanisho wa kisarufi, ambapo "vitabu" humwita "vyangu" na kumfukuza "yangu", na kila neno linalotabiriwa na jirani yake hupunguza kazi ya mwenye kubahatisha.

Kwa hiyo sichagui mwenyewe, naliachia dadu. Mbinu hii ilitungwa na Arnold Reinhold mwaka 1995, naye akaiita Diceware. Unakuwa na orodha ya maneno 7,776, idadi inayopatikana kwa kuzidisha sita tano zenyewe kwa zenyewe (6 × 6 × 6 × 6 × 6), na kila neno lina namba ya tarakimu tano. Unarusha dadu mara tano, unaandika, tuseme, 4-2-6-1-3, unatafuta neno lenye namba hiyo, kisha unarudia kwa neno la pili na kuendelea. Tuseme umepata "ufagio twiga jana kiberiti mwendo shaba". Maneno hayo hayana uhusiano wowote, na huo ndio uzuri wake. Mwizi akiwa na orodha yako yote na akijua kwamba umeishia kwenye maneno matano ya kwanza, kwa kasi ile ya bilioni 100 kwa sekunde atahitaji takriban miaka tisa kuyamaliza yote. Ukiongeza neno la sita, miaka hiyo inafika kama 70,000. Sharti ni moja, nalo watu hulivunja bila kujijua: usirushe tena dadu kwa sababu neno lililotoka halikupendezi. Ukianza kuteua, yale mazoea yako yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Kulikumbuka si kugumu kama inavyodhaniwa, mradi ulione badala ya kulikariri. Twiga aliyebeba ufagio, jana, akiuwasha kwa kiberiti huku akienda mwendo wa madaha juu ya sakafu ya shaba: upuuzi mtupu, na akili hupenda upuuzi. Andika nenosiri hilo kwenye karatasi, liweke mahali unapoweka nyaraka zako muhimu, na kwa wiki ya kwanza jilazimishe kuliandika kwa kichwa mara kadhaa kwa siku kabla ya kuichungulia karatasi. Najua tumefundishwa kwamba kuandika nenosiri ni dhambi. Sikubaliani na fundisho hilo kwa mtu anayejilinda dhidi ya wezi wa mtandaoni, kwa maana hakuna mdukuzi anayefungua kabati kupitia intaneti; kinachokatazwa kwa haki ni kulibandika kwenye ukingo wa skrini.

Lakini hakuna binadamu anayeweza kubeba picha za twiga mia moja, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, yaani kutumia nenosiri moja kwenye akaunti nyingi. Mwizi aliyepata jozi ya barua pepe na nenosiri kutoka tovuti moja dhaifu huijaribu jozi hiyohiyo kwa mashine katika mamia ya tovuti nyingine, na nguvu ya nenosiri haisaidii kitu kwa sababu habahatishi tena. Dawa yake ni kidhibiti cha manenosiri, programu inayobuni nenosiri la kubahatisha kwa kila akaunti na kuyafungia yote nyuma ya nenosiri kuu moja. Hilo kuu liwe la dadu, na la barua pepe liwe la dadu pia, kwa kuwa anayemiliki barua pepe yako anaweza kuomba kubadilisha manenosiri ya akaunti zako nyingine nyingi. Faida nyingine ya kidhibiti ni kwamba hulinganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi, hivyo ukifikishwa kwenye tovuti bandia inayofanana na ya kweli kwa rangi na nembo, hakijazi chochote. Kikikataa kujaza, usilazimishe kwa mkono.

Maswali ya usalama, kama jina la shule yako ya kwanza, yajibu kwa uongo uliohifadhiwa ndani ya kidhibiti. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa msimbo wa ziada baada ya nenosiri, uwashe kila unapopatikana, na ukiweza kuchagua, chagua programu inayotoa msimbo mpya kila sekunde 30 badala ya ujumbe mfupi wa simu, kwa maana laini ya simu huweza kuhamishiwa kwa tapeli aliyejifanya wewe.

Baada ya kupanga haya yote niliwahi kuibiwa simu, nikaketi mbele ya kompyuta ya kuazima nikiwa na uhakika wa mtaalamu. Kidhibiti kilitaka msimbo uliotumwa kwa barua pepe, na barua pepe ilitaka msimbo kutoka kwenye programu iliyokuwa ndani ya simu iliyoibwa. Misimbo ya dharura ya barua pepe nilikuwa nimeihifadhi kwa uangalifu mkubwa, ndani ya kidhibiti. Sasa misimbo hiyo imechapishwa, na iko kwenye bahasha moja na ile karatasi ya twiga.