Kwa nini dawa ya kifafa haikatwi ghafla?

Ubongo unajuaje kwamba umechangamka kupita kiasi?

Seli za neva hupokea ishara za kuchochea, zinazopelekwa hasa na kemikali iitwayo glutameti, na za kutuliza, zinazopelekwa hasa na nyingine iitwayo GABA. Tena seli yenyewe hujipima. Mwaka 1998 Gina Turrigiano na wenzake, huko Marekani, walizinyamazisha seli za ubongo wa panya kwa siku mbili maabarani. Walitumia tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju, samaki ambaye mvuvi wa Pwani hahitaji kuelezwa habari zake. Seli zikazidisha usikivu. Walipozizuilia GABA, zilichachamaa kwanza, kisha zikapunguza usikivu hadi zikarudi kwenye kasi yake ya kawaida.

Basi kifafa chatoka wapi?

Marekebisho hayo huchukua saa nyingi, hata siku. Kifafa hulipuka kwa sekunde. Jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa akizaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, mayai ya tegu, au urithi: vyote vyaweza kuharibu mizani hiyo, seli nyingi zikafyatua umeme kwa pamoja. Hakiambukizi, hata kwa povu la mdomoni. Anayetaka kufukiza ubani na afukize, mradi dawa imemezwa.

Mwanangu ana miezi sita hajaanguka. Mbona daktari hataki tuache dawa?

Fenobabitali, mojawapo ya dawa za kifafa, huipa GABA nguvu. Siku zikienda, seli huuzoea utulivu huo na kujipanga upya. Ukiikata ghafla, kituliza kimeondoka ilhali seli bado zimejipanga kana kwamba kipo. Hapo mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hiyo ni hatari ya kufa. Kwa kawaida daktari hungoja angalau miaka miwili bila kuanguka, ndipo apunguze kidogokidogo kwa miezi.

Na mgonjwa mtu mzima, Ramadhani je?

Fenobabitali mara nyingi humezwa mara moja, usiku. Dawa za mara mbili kwa siku zaweza kupangiwa futari na daku, ila muone daktari kabla mwezi haujaandama. Si kila mgonjwa anafaa kufunga. Mimi nahofia zaidi mikesha, maana kukosa usingizi huchochea kifafa.

Mtu akianguka kwenye feri ya Likoni?

Msogezee mbali vitu vigumu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimbane, usimtie kijiko mdomoni. Mtukutiko ukikoma, mlaze ubavu. Mtukutiko ukipita dakika 5, itisheni gari la hospitali.